Nailoni Isitolewe

Siku niliyokwenda kutetea tasnifu yangu ya uzamivu nilivuliwa viatu mlangoni kama ninayeingia msikitini, na mimi ni Mkatoliki wa Busia. Aliyenivua ni Omaido, mtunza chumba cha mikutano ya video katika tawi la chuo chetu pale Tororo, mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko askari jela.

"Madamu, viatu acha hapo nje," alisema. "Kapeti iko mpya."

"Mpya tangu lini?"

"Tangu mgeni rasmi alikuja kufungua."

Nikasoma kibao cha marumaru ukutani. Mgeni rasmi alikuja kufungua miaka mitatu iliyopita.

Ndani kila kitu kilikuwa kwenye nailoni. Viti vilikuwa na nailoni yake ya kiwandani, ukikaa vinalia. Rimoti ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba. Skrini kubwa na kamera iliyokaa juu yake vilifunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vyenye maua ya waridi pembeni, kazi ya mke wa Omaido. Sikushangaa sana. Kwetu huku kitu kipya hakivuliwi nguo. Nina shangazi ambaye makochi yake yana nailoni tangu harusi yake, na ndoa yenyewe ilishakufa, ikazikwa, na bwana akaoa kwingine.

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo, saa kumi na moja jioni, usajili wangu ulikuwa unakwisha. Kanuni za chuo zinampa mtu miaka minane. Ikipita hujatetea, jina linafutwa na tasnifu inabaki makaratasi ya kufungia njugu. Nilikuwa nimeahirishiwa mara mbili. Mara ya kwanza umeme ulikatika. Mara ya pili mwenyekiti alikuwa mazishini, na mazishi yenyewe yakachukua juma zima. Mimi ni mwalimu wa sekondari upande wa Kenya, nina miaka arobaini na tisa, na miaka minane ya usiku na likizo zangu nimeimwaga kwenye kurasa mia tatu kuhusu namna wanawake wanavyozungumza wanapovusha bidhaa mpakani. Mara ya tatu nilikuwa nimeapa kwamba atakayeniahirisha atanijua.

Asubuhi hiyo nilipovuka nilipitia kwa mdogo wangu Emmy, anayeuza viatu vya mtumba katika Busia ya upande wa Uganda. Jirani yake wa biashara ni mwanamume mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye soko zima linamwita Mwalimu. Mimi nilidhani wanamwita hivyo kwa sababu ya miwani yake, iliyofungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Nimekaa juu ya magunia yake ya omena miaka miwili nikirekodi wanawake wanaopita, na hakuwahi kuniuliza ninalipa kodi gani ya kukalia mali yake. Tumekuwa marafiki.

"Leo ndiyo leo," akaniambia.

"Niombee, Mwalimu."

"Usiogope. Mle chumbani tutakuwa pamoja."

Nikasema amina, nikapanda boda hadi stendi.

Sasa nirudi chumbani. Kikao cha utetezi kinahitaji watu wanne: mwenyekiti, watahini wawili wa ndani, na mtahini mmoja wa nje. Akipungua mmoja akidi haitimii, na kikao si kikao. Mwenyekiti alikuwa Dkt. Mangeni, mkuu wa kitivo, mtu mzuri, mwoga, mwenye soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba. Mtahini wa kwanza alikuwa Dkt. Isaac, aliyepata uzamivu wake mwaka jana ndani ya chumba hiki hiki, na ambaye hata akipigiwa simu na mama yake mzazi huitikia, "Daktari Isaac hapa."

Kiti cha mtahini wa pili kilikuwa na koti.

Lilikuwa koti la kahawia, limetundikwa vizuri kwenye mgongo wa kiti, mabega yamepanuliwa. Mbele yake mezani palikuwa na kibao cha jina, DKT. IKWAP, chupa ya maji, na kikombe cha chai kilichokuwa bado kinatoa mvuke. Nikajua mwenyewe katoka kidogo. Ofisi za huku, uvuke mpaka usivuke, zina dini moja: koti likiwa kitini, bwana mkubwa yupo. Unaweza kumsubiri bwana mkubwa hadi jioni, na koti likakutazama tu.

Omaido akavua vitambaa vya kufuma, akavikunja kama anayekunja bendera, akawasha mitambo. Kwenye skrini akatokea Profesa Kokushubila, mtahini wa nje, mama aliyekaa ofisini kwake Dodoma. Picha yake ilikuwa safi hata ungeweza kusoma migongo ya vitabu rafuni. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kijipicha chetu, na sisi tulionekana kama watu waliochorwa kwa masizi juu ya dirisha lenye mvuke.

Dkt. Isaac akafungua kwa sala, ndefu kuliko ya mazishi. Kisha Profesa akakohoa.

"Dkt. Mangeni, bado mna ukungu huko?"

"Bado, Profesa. Ni huu mwamba wetu wa Tororo. Asubuhi hutoa ukungu mpaka ndani ya nyumba."

Ilikuwa saa nne na nusu. Nje jua lilikuwa linakaanga mabati.

"Haya. Naona viti vyote vina watu. Na Dkt. Ikwap yupo, kimya kama kawaida yake. Nawaambia kweli, namheshimu sana msomi asiyejisemesha."

"Amefurahi kusikia hivyo," akasema Mangeni.

Nikageuka kulitazama koti. Halikuonyesha furaha yoyote. Ndipo nilipoelewa kwamba mwenyewe hakutoka kidogo. Mwenyewe hakuingia kabisa, na hii haikuwa mara ya kwanza. Nilitaka kucheka, lakini nikajikumbusha kwamba lile koti lilikuwa robo ya kikao changu, na kama halikuwa na neno mimi ni nani niwe nalo?

Profesa akavaa miwani. "Kabla hatujaanza, kuna kanuni mpya mwaka huu. Lazima nione uso wa mtahiniwa niulinganishe na kitambulisho chake. Mahali fulani mtu alimtuma dada yake, aliyekuwa hodari zaidi, akafaulu vizuri sana. Bi Felistus, sogea karibu na kamera."

Nikasogea.

"Sogea tena."

Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Ninachokiona ni uji wenye macho," alisema Profesa. "Siwezi kusaini kwamba nimeona mtu. Rekebisheni mitambo. Leo nina muda hadi saa saba, na kesho mchana nasafiri mwezi mzima. Ikishindikana, itabidi tuahirishe."

Mangeni akasema ni mtandao. Isaac akasema ni mtandao. Omaido akazima akawasha, akazima akawasha, akasema mtandao ya Kenya inaingilia hii ya Uganda. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale kwenye kamera, na kwa kuwa pua yangu ilikuwa karibu nayo kuliko pua ya mtu yeyote kwa miaka mitatu, niliona. Kioo cha kamera kilikuwa na nailoni yake ya kiwandani, imepauka na kujaa vumbi, na pembeni ilikuwa na kijiulimi chekundu cha kuvutia. Hata mtoto wa chekechea angejua kile kijiulimi ni cha nini.

"Shida si mtandao," nikasema. "Ni nailoni." Nikanyoosha mkono.

"Hapana gusa!" Omaido aliruka. "Madamu, mimi nasaini kila mwaka hii kitu iko mpya! Mkaguzi nakuja, naangalia nailoni. Kama nailoni hapana, mimi nasema nini?"

Kabla sijamjibu, Mangeni alizima kipaza sauti, akanishika kiwiko, akanitoa hadi kwenye veranda kati ya viatu vyetu. Omaido akafuata.

"Mwalimu Felistus," Mangeni alisema kwa sauti ya chini, "usiitoe hiyo nailoni."

"Wewe ulijua ipo."

Akatazama kidole gumba chake. "Niliiona mwaka wa kwanza. Nilitaka kuitoa. Halafu siku hiyo Ikwap hakuja, na Profesa akasema anatuona wote wanne."

"Kwa hiyo mkaiacha."

"Ilitusaidia. Fikiria mwenyewe. Ukiitoa, Profesa ataona koti, akidi hakuna, kikao kinavunjika. Ukiiacha, haoni uso wako. Njia zote mbili hatufiki. Tuahirishe tu. Nitakuandikia barua ya kuomba muda."

"Usajili wangu unakwisha leo."

"Nitaandika barua kali."

Nilikasirika. Miaka minane, nikavuka mpaka huu kwenye mvua na kwenye vumbi, nikaandika sura nzima nikiwa na malaria, eti sasa nizuiwe na kipande cha plastiki upande huu na koti upande ule. Nilitamani kumvua Mangeni hiyo soksi nimlishe.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza. "Huyu Ikwap."

Aliyejibu ni Omaido.

"Huyo iko Busia, nauza omena. Ijumaa gari ya ziwa nafika, yeye hapana weza toka."

"Busia ipi?"

"Hii yetu. Karibu na ule mama nauza viatu."

"Ana miwani yenye uzi?"

"Huyo huyo."

Nikaikumbuka ile amina niliyomwitikia Mwalimu asubuhi.

Mtu aliyeahirishiwa mara mbili husoma kanuni kama watawa wanavyosoma zaburi. Nilikitoa kitabu cha kanuni kwenye mkoba nikamfungulia Mangeni ibara ya kumi na mbili. "Mjumbe wa kikao awe anaonekana na kusikika. Basi. Haijasema awe amekaa wapi. Profesa yuko Dodoma na mnamhesabu. Ikwap akionekana na kusikika akiwa Busia, mnamkataaje?"

"Lakini watahini wa ndani tangu zamani wanakaa ndani..."

"Daktari, chumba hiki cha video mlifunguliwa ili iweje? Ili vitambaa vipate pa kukaa?"

Nilimpigia Emmy.

"Sista! Ushapita?"

"Bado. Nenda hapo kwa Mwalimu umpe simu."

"Ako na wateja, gari ya omena imeingia saa hii."

"Mwambie na mimi ni mteja."

Nikasikia kelele za soko, kisha sauti ya upole ninayoifahamu. "Felistus, umemaliza?"

"Sijaanza, Mwalimu. Au niseme Daktari?"

Nyuma yake mwanamke alikuwa anabishana kuhusu gorogoro, lile kopo la kupimia.

"Nani amekwambia?"

"Koti lako. Miaka miwili nakalia magunia yako, na wewe umeteuliwa mtahini wangu tangu mwaka jana, na hukusema neno!"

"Mtahini haruhusiwi kujitambulisha kwa mtahiniwa kabla ya utetezi," alisema. "Ni kanuni."

Kanuni zote alizivunja, akaitunza hiyo moja. Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa rohoni kuhusu wajumbe wote watatu wa chumbani, koti likiwemo. "Tasnifu yangu umeisoma?"

"Mara mbili. Ya pili kwa penseli."

Hasira ikapungua nusu. Nikamweleza mambo yalivyo, kwamba kiungo cha mkutano kinaingia kwenye simu ya Emmy, na kwamba Emmy atamshikia simu mbele ya uso. Akasema gari la omena haliwezi kumsubiri. Nikamwambia hata mimi siwezi. Akapumua. "Tuma hicho kiungo," akasema.

Tuliporudi ndani, Mangeni alikaa kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Nikaenda moja kwa moja kwenye kamera. Omaido akageukia ukuta, mikono kichwani.

"Mimi sioni," alisema. "Mkaguzi akiuliza, mimi sikuona."

Nikashika kile kijiulimi chekundu nikavuta. Nailoni ilitoka kwa mlio mrefu, na kijipicha chetu pale konani kikapata rangi ghafla. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na siku hiyo sisi tuliamua kuzaa. Kila kitu kikaonekana: kapeti ya kijani, viti vilivyovaa nailoni, jasho la Isaac.

"Mungu wangu," akasema Profesa Kokushubila. Akanitazama, akatazama kitambulisho. "Bi Felistus ni wewe kabisa, ingawa picha ni ya enzi za njaa. Dkt. Mangeni, kumbe una mvi. Dkt. Isaac, karibu duniani. Na Dkt. Ikwap..." Akasogelea skrini yake. "Dkt. Ikwap leo hana kichwa."

Omaido akazidi kuukumbatia ukuta.

"Dkt. Mangeni. Lile ni koti?"

"Profesa," alisema Mangeni, "ni koti."

Hapo hapo dirisha la pili likafunguka kwenye skrini. Kwanza tuliona dole gumba la Emmy, kisha gunia, kisha uso wa Mwalimu, magamba ya omena yaking'aa shavuni. Simu ile ya bei nafuu ilimwonyesha hadi uzi wa miwani.

"Naitwa Ikwap," alisema. "Naonekana?"

"Unaonekana," akasema Profesa polepole.

"Nasikika?"

"Vizuri kuliko nilivyozoea. Kwa hiyo mimi nimekaa vikao vitatu na koti. Nimesaini kumbukumbu zinazosema 'Dkt. Ikwap aliridhika.' Tena nikalisifu!" Alivua miwani. Nikaona anapima kama afunge mkutano au asifunge. Kidole chake kingesogea kidogo tu, miaka yangu minane ingekwenda. "Haya," alisema mwishowe. "Leo kuna watu wanne wenye vichwa, na ibara ya kumi na mbili naijua. Mtahiniwa hana kosa. Hayo ya koti nitayarudia. Tuendelee."

Nikawasilisha kwa dakika ishirini. Isaac aliuliza swali kuhusu pambizo za kurasa na ukubwa wa herufi. Profesa akauliza kuhusu nadharia, nikamjibu, akanibana, nikajibu tena, jasho likinitiririka mgongoni. Kisha zamu ikawa ya Ikwap, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chumba kile mtahini wa pili wa ndani akafungua mdomo.

"Ukurasa wa mia na arobaini na tatu," alisema bila karatasi. "Umeandika kwamba wanawake hawa husema uongo kwa maafisa wa forodha. Kwamba gunia moja la mtu mmoja hugawanywa kwa wanawake sita, na kila mmoja anaulizwa huu ni mzigo wa nani, anasema ni wangu, wa chakula nyumbani. Wewe unauita uongo. Ulikaa kwenye magunia yangu miaka miwili. Uliwahi kuwauliza kama wao wanauita hivyo?"

Ningeweza kuzungukazunguka, na majibu ya kuzunguka ninayo mengi, nimefundisha miaka ishirini na mitatu. Lakini nilikuwa namtazama mtu ambaye amesoma kila neno langu, na niliona haya.

"Sikuwauliza," nikasema. "Niliandika 'uongo' kwa sababu nilidhani watahini wangependa neno kali."

Isaac akaandika kitu kwa furaha. Nikaona nimekwisha.

"Basi waulize sasa," akasema Ikwap. "Wako hapa."

Emmy akageuza simu. Walikuwa wanawake saba au wanane wenye ndoo na makarai, wamesimama kusubiri omena, na nusu yao sauti zao zilikuwa kwenye vinasa vyangu. Mbele alikuwa Mama Imalingat, anayevusha bidhaa tangu kabla mimi sijaanza kufundisha.

"Mama Imalingat, shikamoo," nikasema. "Mzigo ule wa kugawana. Mkimwambia askari ni wa nyumbani, huo ni uongo?"

Alicheka, meno yake mawili yaliyobaki yakaonekana. "Uongo wapi, mwanangu? Askari najua. Sisi najua. Yeye nauliza kwa sababu kazi yake ni kuuliza, sisi najibu kwa sababu kazi yetu ni kupita. Hapo nani nadanganywa?" Akaweka karai chini ili aeleze vizuri. "Uongo ni pale watu wote najua, mtu moja tu hajui. Huyo ndiyo mnamdanganya."

Sikuhitaji kugeuka kumwangalia Mangeni. Nilikisikia kiti chake kikilia. Profesa Kokushubila alikuwa hatikisiki kule Dodoma.

"Mama, ahsante," alisema. "Umenieleza vizuri. Katika vikao hivi, asiyejua nilikuwa mimi."

Mama Imalingat hakuelewa, lakini alikuwa na adabu zake. "Pole, mama," akamjibu. Akachukua karai lake.

Tulitolewa nje, mimi na Omaido, ili wajadili. Nikakaa kwenye ngazi miguu mitupu, kando ya kiatu cha Mangeni. Nilisema salamu Maria nusu, nikasahau mwisho wake. Omaido naye alikuwa na ile nailoni mkononi, anaipuliza vumbi na kuinyoosha kwenye goti.

"Narudisha baadaye," alisema. Akaijaribu kwenye kioo cha saa yake, ikakunjamana. "Hii imekufa."

Walipotuita, Profesa ndiye aliyesoma. Nimefaulu, pamoja na marekebisho madogo: ukurasa wa mia na arobaini na tatu uandikwe upya, na Mama Imalingat atajwe kwa jina lake. Nililia. Sitasema nilidondosha chozi moja la heshima. Nililia kwa sauti, kamasi na yote, na picha ilikuwa safi kabisa.

"Dkt. Mangeni, tuma matokeo kwa msajili sasa hivi, nikiwa nakuona," Profesa aliendelea. "Na Dkt. Isaac."

"Naam, Profesa."

"Kikao chako cha mwaka jana. Nilihesabu wanne. Kulikuwa na vichwa vingapi?"

Isaac alitazama koti kana kwamba lingemtetea. "Vitatu," akasema.

"Basi kabla sijasafiri tutaonana kesho asubuhi, mimi na wewe na watu wenye vichwa. Njoo na tasnifu yako. Na hiyo sala uifupishe."

Saa tisa kasoro dakika kumi msajili alijibu kwamba matokeo yamepokelewa. Ilibaki saini ya Ikwap kwenye fomu, isiyo na haraka, lakini mimi nilikuwa naelekea huko huko. Nilipokuwa navaa viatu, Omaido akaniletea lile koti.

"Peleka kwa mwenyewe," alisema. "Imekunywa chai yangu miaka tatu."

Nililivaa nikiwa kwenye boda, maana upepo ulikuwa na vumbi. Lilinifika magotini. Emmy aliponiona kwa mbali akapiga kelele, "Daktari! Daktari!" Tukageuka watu wawili, mimi na muuza omena. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Imalingat akanimwagia kiganja cha omena kichwani, sijui ni desturi ya wapi.

Ikwap alisaini fomu juu ya gunia. Sasa ina doa la mafuta kwenye nembo ya chuo. Kisha akaona nilichovaa, na furaha ikamtoka usoni.

"Kwa nini umelileta? Jumatatu kuna kikao cha kitivo."

"Lirudishe mwenyewe," nikasema, "ukiwa ndani yake."

"Na omena?"

"Litundike hapa kwenye magunia. Wateja wakiliona watajua upo."

Wanawake wote walicheka, na Mama Imalingat akacheka kuliko wote. "Wee! Koti napima omena?" alisema. "Mimi nataka mtu. Koti nikiiuliza gorogoro mbili, inanipa nini?"

Ikwap hakucheka. Nilipolivua koti alilichukua, akalikung'uta, na kipande cha andazi kilichokauka kikaanguka kutoka mfukoni. Akalijaribu palepale, katikati ya soko, kwenye jua. Mikono ilikuwa imekuwa mifupi na kifungo cha tumbo hakikufika tundu lake. Alijitazama kwenye kioo cha viatu cha Emmy kwa muda mrefu, mtu mzima aliyesoma kurasa zangu mia tatu kwa penseli kati ya mteja na mteja, na nilimwonea huruma, na pia sikumwonea.

"Jumatatu saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu," nikamwambia. "Uvae soksi nzima."